Sura ya Nne: Umeme Ndani ya Mpini

Mpini wa upanga wa mwanga alioushika Luke Skywalker mwaka 1977 haukuchongwa kwa ajili ya filamu. Ulikuwa mpini wa taa ya kamera, kazi ya kampuni ya Graflex ya Rochester, New York, iliyowauzia wapiga picha wa magazeti. Roger Christian, mpambaji wa seti wa Star Wars, aliukuta katika duka la vifaa vya picha jijini London. Akaubandika vipande vya plastiki vya kushikia, na kwenye kibano chake akapachika ukanda wa lenzi ndogondogo uliotoka kwenye kikokotoo cha Texas Instruments.

Kichekesho ni kwamba mpini ule ulizaliwa ukiwa nyumba ya betri. Ndani yake ziliingia betri tatu za saizi D, zile kubwa tunazotia kwenye redio, na kwa pamoja zilitoa volti 4.5 za kulipua balbu ya mmweko. Zile lenzi nazo, kazi yake kwenye kikokotoo ilikuwa kukuza tarakimu za LED nyekundu zilizokuwa ndogo mno kusomeka. Betri na LED, vitu viwili vinavyomhangaisha kila mjenzi wa leo, vyote vilikuwa na alama zao kwenye mpini wa Christian, na bado upanga haukuwaka. Bapa lilikuwa fimbo iliyofunikwa kwa nyenzo inayorudisha mwanga, na ule mng'ao tunaoukumbuka ulichorwa baadaye, fremu kwa fremu. Ilipofika The Force Awakens ya mwaka 2015, waigizaji walipewa mabapa yenye taa za kweli ili mwanga uwapige usoni. Mashabiki walikuwa wamekwisha kuwasha ya kwao sebuleni kwa miaka kadhaa.

Bomba la mpini unalo tayari, na bapa la polikaboneti limekatwa. Sasa mjenzi mpya huuliza: ninunue betri gani? Mimi huliweka swali hilo mwisho wa foleni. Betri inafuata taa, na taa inafuata rangi. Ukianza na betri kwa sababu ulikuwa nayo kwenye droo, utajikuta unailazimisha rangi iitii betri, na rangi hazitii.

Tuanze basi na rangi, kwa kuwa ndiyo inayoamua volti. LED ni kipande cha fuwele ya madini ambamo elektroni huanguka kutoka ngazi ya juu ya nishati hadi ya chini, na kila inapoanguka hutoa chembe moja ya mwanga. Kina cha anguko hilo ndicho rangi. Gawanya 1,240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, utapata nishati ya chembe katika elektroni-volti, na hicho ndicho kizingiti ambacho betri yako inapaswa kukifikia kwa makadirio ya kwanza. Nyekundu ya nanomita 620 inadai volti 2.0. Buluu ya nanomita 465 inadai 2.7. Ukijumlisha upotevu wa ndani, LED nyekundu yenye nguvu hufanya kazi karibu na volti 2.2 au 2.3, na ya buluu kati ya 3.0 na 3.4.

Kijani ndiyo inayowashangaza watu. Kwa hesabu ile ile, nanomita 525 zingehitaji volti 2.4 tu, lakini ukisoma karatasi ya vipimo ya LED ya kijani kibichi utakuta 3.2 au zaidi. Sababu ni kwamba kijani hiyo ni ndugu wa damu wa buluu: zote mbili zimeundwa kwa indiamu, galiamu na nitrojeni, na familia hiyo ina gharama zake za ndani hata kama rangi haizidai. Nyekundu inatoka ukoo mwingine, wa alumini, indiamu, galiamu na fosforasi. Nyeupe nayo ni buluu iliyopakwa unga wa njano juu, hivyo volti zake ni za buluu. Kwa mjenzi, kwa hiyo, rangi ziko katika makundi mawili tu: nyekundu na jamaa zake wa machungwa upande mmoja, na buluu, kijani na nyeupe upande wa pili.

Kundi la pili lilichelewa sana kuja duniani. Nick Holonyak aliwasha LED nyekundu inayoonekana kwa macho mwaka 1962, akiwa kwenye maabara ya General Electric huko Syracuse. Buluu yenye nguvu ilingoja mpaka mwaka 1993, Shuji Nakamura alipoitoa akiwa katika kampuni ya Nichia, Japani; yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Yaani upanga wa buluu wa Luke ulikuwa umeng'aa kwenye kuta za sinema kwa miaka 16 kabla mtu yeyote hajawa na kifaa cha kuujenga. Upanga mwekundu wa Darth Vader ulikuwa na taa ya rangi yake tangu siku ya kwanza, ingawa LED nyekundu za wakati ule zilitosha kuonyesha tarakimu na si zaidi.

Baada ya volti, ampea. Hapa ndipo LED nyingi hufa, na mara nyingi mwenyewe hajui amekosea wapi. Balbu ya zamani yenye uzi ilijilinda: uzi ukipata moto, ukinzani wake ulipanda na mkondo ukapungua. LED inafanya kinyume. Chini ya kizingiti chake haiwaki kabisa. Ukivuka kizingiti kidogo tu, mkondo unaruka. Kuongeza sehemu ya kumi ya volti kunaweza kuongeza ampea kwa kiasi ambacho hukukitarajia kabisa. Halafu inapopata joto kizingiti chenyewe kinashuka, kama milivolti 2 hadi 4 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi, kwa hiyo betri ile ile inasukuma mkondo mkubwa zaidi, unaoleta joto zaidi, unaoshusha kizingiti tena. Ndiyo maana LED hulishwa kwa kipimo cha mkondo. Karatasi yake inasema miliampea 350, au 700, au 1,000, na kazi ya kila kijenzi kinachokaa kati ya betri na taa ni kuhakikisha idadi hiyo haipitwi.

Kijenzi rahisi kuliko vyote ni rezista. Chukua betri moja ya lithiamu, ile ya volti 3.7. Usipige hesabu kwa 3.7, ikitoka kwenye chaja inasoma 4.2, na dakika hizo za mwanzo ndizo zinazochoma taa. LED yako ni nyekundu, volti 2.3, nawe unataka ampea 0.7. Ondoa 2.3 kutoka 4.2, zinabaki volti 1.9 ambazo rezista lazima izimeze. Gawanya kwa 0.7, kama kanuni ya Ohm tuliyoikariri sekondari inavyosema, unapata omu 2.7. Rezista ya omu 2.7 inauzwa hivyo hivyo. Lakini kabla hujalipa, zidisha 1.9 kwa 0.7: wati 1.33. Vile virezista vidogo vyenye mistari ya rangi vinavyojaa kwenye makopo ya mafundi wa redio ni vya robo wati, na kimoja chao kingetoa moshi kabla hujamwonyesha mtu upanga wako. Nunua ya wati 2, au 3 kama nafasi ipo, na usiifunge kwa plastiki inayoyeyuka.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa buluu ya volti 3.2. Zinabaki volti 1.0, gawanya kwa 0.7, unapata omu 1.43, na dukani iliyo karibu zaidi ni 1.5. Betri ikijaa, mkondo ni ampea 0.67. Vizuri sana. Ngoja lakini betri ishuke mpaka 3.6, mahali ambapo bado ina umeme mwingi. Nyekundu yetu inapata volti 1.3 juu ya omu 2.7, sawa na ampea 0.48, karibu asilimia 70 ya mkondo wa mwanzo, na jicho halitalalamika. Buluu inapata volti 0.4 juu ya omu 1.5, chini kidogo ya ampea 0.3. Imepoteza zaidi ya nusu. Betri ile ile, fundi yule yule, na upanga wa buluu unafifia katikati ya pambano huku mwekundu ukiendelea kung'ara. Aliyeuza LED hana kosa. Kilichokosekana ni nafasi: pale ambapo betri na taa zimekaribiana mno kwa volti, rezista haina kitu cha kushikilia, na kila mtikisiko wa betri unaenda moja kwa moja kwenye taa.

Hilo ndilo linaloamua, zaidi ya bei au mazoea, kama utatumia rezista au draiva, yaani kijenzi kinachoushikilia mkondo chenyewe. Kwa nyekundu na betri moja, mimi hutumia rezista bila aibu. Ni nafuu, haina sauti, haiharibiki, na ikiharibika unaibadilisha kwa shilingi chache. Kwa buluu, kijani na nyeupe na betri moja, kuna kidude kidogo cha miguu mitatu kiitwacho AMC7135, ambacho watengenezaji wa tochi wamekitumia kwa miaka mingi. Kinashikilia miliampea 350, hakijali betri ina 4.2 au 3.5, na chenyewe kinadai nafasi ya volti 0.12 tu. LED ya 3.2 itapata mkondo wake kamili mpaka betri ifike karibu na 3.3. Ukitaka 700, unaweka viwili sambamba. Ukitaka 1,050, vitatu. Fungua tochi ya bei nafuu inayotumia betri ya lithiamu na huenda ukavikuta vimepangwa humo kwenye kibao cha duara, vikisubiri kuokolewa.

Kuna wanaopenda betri mbili kwa mfululizo, volti 7.4, hasa kwa sababu baadhi ya mbao za sauti za zamani, zile saketi zinazoupa upanga mlio wake, zilidai hivyo. Hapo rezista inageuka jiko. Betri zikijaa ni volti 8.4, ukitoa 3.2 za taa, rezista inameza 5.2, na kwa ampea 1 hizo ni wati 5.2 za joto kulisha taa inayotumia wati 3.2. Zaidi ya nusu ya betri yako inapasha moto mpini. Kwa mpangilio huo unahitaji draiva ya kubadili volti, inayokatakata umeme mara maelfu kwa sekunde na kuupitisha kwenye koili, ili volti zinazoshuka zirudi kama ampea badala ya joto. BuckPuck ya LuxDrive ndiyo iliyozoeleka kwa wajenzi wa awali: mchemraba mdogo wenye waya, unachagua wa miliampea 350, 700 au 1,000, unafunga, unasahau. Kasoro yake ni kwamba unataka betri iizidi taa kwa karibu volti 2, kwa hiyo ukiupa betri moja ya lithiamu na LED ya buluu, utakuwa umenunua pambo. Nimeona watu wakiulaumu mchemraba huo kuwa ni mbovu, ilhali umekosa volti tu.

Nyota moja yenye LED tatu inaleta jambo lingine. Nyota ni lile bamba dogo la alumini linalobeba LED, na wengi huchagua lililobeba, tuseme, buluu mbili na nyeupe moja, nyeupe iwe ya kumweka mapanga yanapogongana. Kila rangi ipewe rezista au draiva yake. Ukiziunganisha sambamba nyuma ya rezista moja, ile yenye kizingiti cha chini itanyakua mkondo wa wenzake. Na kama mmoja wao ni mwekundu, utabaki na upanga mwekundu, bila kujali ulilipia rangi gani.

Joto lenyewe linahitaji njia. LED hutoa mwanga mbele na joto nyuma. Haisukumi joto lake pamoja na mwanga kama balbu. Kati ya zile wati 3, zaidi ya nusu zinabaki mgongoni mwa taa, ndani ya bomba lililofungwa, na kipimo cha maisha yake ni joto la pale ndani, si la ganda unaloligusa. Nyota ikae juu ya kipande kizito cha alumini kilichokaza vizuri ndani ya mpini, na kati yao pakae mpako mwembamba wa kupitisha joto. Mwembamba: mpako mwingi ni blanketi. Kama mpini wako ni wa plastiki uliochapwa kwa printa ya 3D, alumini hiyo haina pa kupeleka joto lake, na hapo ushauri wangu ni kushusha mkondo hadi 350. Jicho la binadamu halihesabu lumeni kwa mstari ulionyooka. Nusu ya mkondo haionekani kama nusu ya mwanga, na gizani hata 350 inatosha.

Sasa betri. Wajenzi wengi wametulia kwenye 18650, ambayo jina lake ni vipimo vyake: milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Uwezo wa kweli wa kiini kizuri ni kati ya miliampea-saa 2,500 na 3,600 hivi. Ukikuta iliyoandikwa 9,900, usibishane na muuzaji, iweke mkononi tu. Kiini halali kina uzito wa gramu 45 au karibu 50. Vile vya uongo mara nyingi ni vyepesi, na ndani yake kuna nafasi tupu au kiini kidogo zaidi kilichovikwa koti. Maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na ya Kariakoo yana halali na ya uongo kwenye kaunta moja, na bei si mwongozo wa kutegemea. Viini vilivyotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato vinaweza kuwa vizuri kuliko vipya vya ganda linalong'aa, mradi uvipime kimoja kimoja na ukatae kila kilicholala chini ya volti 2.5.

Swali la ampea linarudi hapa kwa upande wa pili. Kiini chenye uwezo mkubwa wa kuhifadhi mara nyingi hakipendi kutoa haraka. Vipo vyenye kikomo cha ampea 5, na vipo vya ampea 15 au 20 vinavyohifadhi kidogo. Kwa LED moja ya 700, chochote kinatosha, na kiini cha 2,500 kitakupa saa tatu na nusu. Kwa mabapa ya pikseli, tutakayoyafikia, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Chukua kiini chenye kibao cha kinga ndani, kile kinachokata umeme betri ikishuka mno au waya zikigusana. Kinaongeza milimita kadhaa kwenye urefu, basi pima kishikio chako kabla. Lithiamu inayopigwa shoti ndani ya bomba la alumini haina huruma, nawe unalizungusha bomba hilo karibu na uso wako na wa watoto wa jirani. Kwa sababu hiyo hiyo usilehemu waya moja kwa moja kwenye kiini. Moto wa chuma cha kulehemu unapenya kwenye tabaka zake za ndani. Tumia kishikio, au viini vilivyokwisha kuchomelewa vibati kiwandani. Chaja ya moduli ya TP4056 ni nafuu na inafahamika, inasimama kwenye 4.2 kama inavyotakiwa, ila toleo lake lenye kinga linakata mzigo ukifika ampea chache tu, hivyo linafaa kwa LED moja na litakuudhi kwa pikseli. Ukitumia tundu la kuchajia la milimita 2.1, nunua lile lenye mguu wa tatu unaojitenga plagi inapoingia. Hapo plagi tupu ya plastiki inakuwa ufunguo wa kuzima: ukiichomeka, betri imekatwa kabisa na upanga unaweza kusafiri begani bila kujiwasha.

Swichi nayo ina mipaka. Kitufe kizuri chenye pete ya taa, kile ambacho kila mtu anakitaka kwa sababu kinapendeza, kwa kawaida kimeundwa kupitisha ishara, si mzigo. Kikipitishwa ampea 1 mfululizo, vibati vyake vya ndani vinaungua taratibu hadi siku moja upanga unakataa kuzima. Suluhisho ni transista ya MOSFET ya chaneli N: kitufe kinaiambia iwake, nayo inabeba ampea. Kosa la dukani ni kununua yoyote. Nyingi zinahitaji volti 10 kwenye mguu wa lango ili zifunguke sawasawa, na wewe una 3.7. Tafuta iliyotengenezwa kufunguka kwa volti ndogo, na uone kwenye karatasi yake kwamba ukinzani wake umepimwa kwa volti 2.5 kwenye lango. Iliyopimwa kwa 4.5 tu haikuhakikishii kitu betri inapochoka. Ukinunua ubao wa sauti wenye akili kama Proffieboard, transista hizo zimo tayari, na kazi yako inabaki kuchagua spika na kuweka faili.

Mpaka hapa tumezungumzia mwanga mmoja mpinini unaopiga bapa tupu kutoka chini. Mtindo unaotawala sasa ni bapa lililojaa pikseli: tepe mbili za LED za WS2812B, ambazo wengi huziita NeoPixel kwa jina la biashara la Adafruit, zimebandikwa mgongo kwa mgongo tangu mpinini hadi ncha. Kila pikseli ina nyekundu, kijani na buluu pamoja na kompyuta ndogo inayopokea amri kwa waya mmoja. Bapa linaweza kuchomoza polepole, kucheua cheche, kuyeyuka ncha. Linapendeza mno, na linakula.

Tepe yenye pikseli 144 kwa mita, ikikatwa sentimita 91, ni pikseli 131. Pande mbili, 262. Kila rangi ndani ya pikseli huvuta hadi miliampea 20. Upanga wa buluu tupu, basi, unadai karibu ampea 5.2. Wa njano, ambao ni nyekundu na kijani pamoja, mara mbili yake. Mweupe kamili, zaidi ya ampea 15. Rangi inaamua tena, na safari hii inaamua ampea zaidi ya volti. Kwa vitendo betri moja haifiki huko, kwa kuwa tepe imeundwa kwa volti 5 nawe unailisha 3.7, lakini usijenge ukitegemea udhaifu wa betri. Kiini cha uwezo wa ampea 15 ndicho cha kuanzia, na dakika 30 za buluu mfululizo ni matarajio ya haki.

Mahali ambapo wajenzi hupoteza mwanga bila kujua ni kwenye waya. Chukua sentimita 20 za waya kwenda na 20 kurudi. Kama ni ule mwembamba wa milimita za mraba 0.08, unaotumika kwa ishara, ukinzani wake kwa urefu huo ni omu 0.086. Inaonekana si kitu. Pitisha ampea 8, na volti 0.69 zimeishia njiani. Betri ya 3.7 imefika kwenye tepe ikiwa 3.0, na buluu na kijani, wale wa kizingiti cha juu, wanazimika kwanza. Upanga uliouagiza mweupe unageuka wa kutu. Tumia waya wa 0.33 na hasara inashuka hadi volti 0.17. Mpira wa nje uwe wa silikoni, unaopinda ndani ya mpini bila kuvunjika na usioyeyuka unapolehemu karibu yake. Kwenye waya wa amri weka rezista ya omu 330 au 470 karibu na pikseli ya kwanza, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 kati ya chanya na hasi kama kuna nafasi, imeze mshtuko wa kuwasha.

Kwa mpini wa kwanza ningeacha pikseli. Ningechukua nyota moja ya LED nyekundu, kiini kimoja cha 18650 chenye kinga, rezista ya omu 2.7 ya wati 3, MOSFET moja na kitufe; vyote vinaingia kwenye kiganja, na hakuna kinachohitaji programu. Aliyeapa kuwa hashiki nyekundu, kwa kuwa ni rangi ya waovu, abadilishe rezista kwa AMC7135 mbili na achukue buluu.

Kabla ya kufunga, panga kila kitu mezani na uweke multimita kwenye njia ya umeme, waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10, si lile la miliampea ambalo fyuzi yake itakatika mara moja. Washa, usome, uache dakika kumi, usome tena. Betri inashuka, kwa hiyo namba nayo inapaswa kushuka kidogo, au kusimama palepale kama umetumia draiva. Ikiwa inapanda, zima: kuna mahali umeruka rezista, au alumini yako haijagusana na nyota, na ni rahisi kulipata kosa hilo sasa kuliko baada ya kukaza skrubu.